Siku moja ya "fundi wa printa" shuleni, Mwanza

Saa 11 na nusu alfajiri nagombania daladala Buhongwa, saa 1 kasoro niko getini. Kazi yangu ni mwalimu wa kompyuta ila shule nzima inajua mi ni fundi wa printa. Sawa, na wino nabadilisha.

Saa 2 hadi saa 4 kidato cha pili, watoto 60 na kitu kwa kompyuta 14. Kabla hawajaingia napita mashine moja moja kutoa Gmail zilizoachwa wazi tangu Ijumaa, maana wiki iliyopita mmoja alijisahau, wenzie wakamwandikia mwalimu wa zamu barua ya mapenzi kwa jina lake. Kesi ilifika paredi.

Saa 4 na nusu, andazi liko mkononi, kaja mama mmoja anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We ndo mtu wa kompyuta?"

Kanipa simu yake, kioo kimepasuka pembeni. Ni matokeo ya kidato cha tatu ambayo madam wa darasa aliyatuma jana usiku kwenye grupu la wazazi, na mbele ya jina la mwanae pameandikwa: "Baba amefariki. Mama biashara ndogo, ada bado." Anasema alfajiri, mzigo hata hajashusha, mwenzie wa meza ya pili kampa pole ya ada.

Sa hapa ndo nilipoishiwa nguvu. Ile safu ya maelezo kwenye faili la Excel madam hakuiacha makusudi, aliificha, na mi ndo nilimfundisha kuficha mwaka jana ili karatasi iprintike vizuri! Kwenye Excel kuficha sio kufuta, mzazi mjuaji kaifunua, kapiga skrinishoti, kairudisha grupu lilelile. Nikamtoa madam darasani tukafuta yote, faili na picha.

"Kwa hiyo imetoka?"

"Kwenye grupu imetoka mama."

"Na kwenye simu zao?"

Nikakunywa chai, ilishapoa. Nikamwomba msamaha, na kwamba mi ndo nilifundisha vibaya nikamwambia. Hakunijibu, kachukua simu yake kaondoka.

Mkuu naye ananiambia hao si wazazi wa watoto walewale, siri ya nini. Nikamwambia Mkuu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto humo ni taarifa nyeti. Hata NECTA, Baraza la Mitihani, matokeo ya kidato cha nne wanaweka namba ya mtihani, jina hamna. Akakaa kimya afu akasema basi mtumie kila mzazi ya mwanae peke yake. Nani atume? Fundi wa printa.

Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Majina 118, namba zingine za wajomba, zingine hazipatikani, mzazi mmoja kanipigia mara tatu anauliza we nani na namba yangu umeitoa wapi, na kusema kweli swali lake nililipenda. Chakula cha mchana sikumbuki. Natoka giza limeshaingia.

Niko kwenye daladala, nimesimama, shingo imekunjwa chini ya bati, simu inatetemeka. Ni grupu la wazazi:

"Mwalimu yale matokeo mbona yamefutwa? Rudisheni tuone na ya wenzetu."