Linki za Tendaguru, na namna ya kuzipitisha zifike salama

Linki ninayoitanguliza safari hii ni ya makala ya mwaka 2019 ya Philip Mannion na wenzake, katika jarida la Zoological Journal of the Linnean Society. Wamechukua mifupa ya mkia wa dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, hapa Lindi, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya dinosaria aitwaye Janenschia, wakaonyesha kuwa ni ya mnyama mwingine, wakampa jina Wamweracaudia keranjei. Ndani ya jina hilo wamo Wamwera, kabila la huku, na yumo Mohammadi Keranje aliyeigundua mifupa hiyo. Isomeni pamoja na ile ya Kristian Remes ya 2007 iliyompa dinosaria mwingine wa huko jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa uchimbaji. Kwangu hizi ndizo habari kubwa za Tendaguru, kuliko ule urefu wa kwenda juu wa mita 13.27 wa mifupa ya dinosaria wa Tendaguru iliyosimamishwa Berlin ambao kila mtu anaurudia.

Makala ya Mannion ina kurasa zaidi ya mia moja, kwa hiyo ukiitupa tu kwenye grupu hakuna atakayeifikia sehemu yenyewe. Mwambie mwenzako afungue ukurasa, abonyeze vile vidoti vitatu vya Chrome, achague kutafuta ndani ya ukurasa, aandike Wamweracaudia. Dakika moja, kafika.

Angalizo kwa wanaotafuta zaidi: yule mnyama wa Berlin zamani aliitwa Brachiosaurus brancai. Mwaka 2009 Michael Taylor alieleza kwa kina tofauti zake na Brachiosaurus wa Marekani, na tangu hapo wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Ukurasa wenye jina la kwanza si lazima uwe wa uongo, huenda ni wa zamani tu. Tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo utakosa mengi yaliyoandikwa tangu uchimbaji wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913.

Sasa anwani yenyewe. Makala za kitaalamu zipitishe kwa anwani inayoanza na doi.org, maana jarida likihamisha tovuti, hiyo hupelekwa kunakohusika. Kurasa za kawaida zina mkia mrefu: kuanzia fbclid au utm_ kwenda mbele ni alama za kumfuatilia msomaji, zikate. Ila usikate kila kilicho baada ya alama ya kuuliza. Kwenye YouTube herufi baada ya v= ndizo video yenyewe, ukizitoa linki imekufa. Ile fupi ya youtu.be toa ?si= na yanayoifuata, kisha weka ?t=95 kama unataka ianze sekunde ya 95. Mtu wa bando dogo hawezi kupakia nusu saa kwa ajili ya sentensi moja. PDF nayo iandikie ukubwa wake na namba ya ukurasa, kwa sababu simu nyingi huipakua yote kwanza.

Ukurasa unaouogopea kufutwa, andika web.archive.org/save/ mbele ya anwani yake, nakala itahifadhiwa. Kwa Facebook na Instagram njia hii hushindwa mara nyingi, kwani nyingi hudai mtu aingie kwanza kwenye akaunti. Huko piga skrinshoti yenye tarehe na jina la ukurasa.

Tarehe ndiyo inayoumiza watu wengi huku kwetu, hasa msimu wa korosho. Linki ya bei ya mwaka jana ikizunguka siku ya mnada, mkulima hukataa bei halali au kwa hofu huuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada. Ukipitisha bei, andika tarehe ya mnada, chama kikuu cha ushirika, daraja, bei ya juu na ya chini. Bei ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, haimhusu mtu wa Newala aliyepeleka mzigo TANECU, chama kikuu cha Tandahimba na Newala. Na useme wazi kuwa hiyo ni bei ya mnadani kabla ya makato, siyo inayoingia mkononi. Picha ya bei iliyokatwa juu, pale tarehe na jina la chama vinapokaa, usiisambaze. Mwombe aliyeileta atume nzima.