Kila mtoto anasema "kizuri": jinsi nilivyopata maoni yao ya kweli

Kitabu nilichotaka maoni ya watoto kukihusu ni cha picha, chenye vina, kuhusu hofu za usiku: kivuli ukutani, mlango unaolia, kitu chini ya kitanda. Tatizo: watoto wa miaka 4 hadi 6 wakiulizwa "Umekipenda?" wote wanajibu "ndiyo", na wa pili anamwiga wa kwanza.

Kuongeza "Kwa nini?" hakukusaidia. Kadi zenye picha za nyuso za furaha na huzuni, ili mtoto achague moja, nazo zilipotosha: uso wa huzuni ulichaguliwa kwa kuwa mhusika analia, si kwa kuwa kitabu kimechosha.

Kilichofaa ni hiki. Soma mchana, na mtoto mmoja mmoja, mara mbili. Mara ya kwanza usiulize chochote. Mara ya pili nyamaza kabla ya neno la mwisho la mstari, umwachie alijaze. Watoto kadhaa wakikwama palepale, kina hakisikiki au neno ni gumu kwao. Kisha mpe kitabu, useme: "Nionyeshe ukurasa wa kurudia, na wa kuruka."

Kumkabidhi kitabu ndiko kulikobadilisha kila kitu. Kikiwa mikononi mwa mtu mzima, mtoto hujibu la kumfurahisha. Kikiwa mikononi mwake, anafunua anakotaka. Akiruka ukurasa wa kivuli, usimwulize "Unaogopa?", maana atakana. Uliza, "Huyu anaogopa nini?" Andika maneno yake kama yalivyo, pamoja na namba ya ukurasa. Ukurasa mmoja ukitajwa kuwa wa kurudia na pia wa kuruka, uandike kote kuwili: hofu hiyo anaitaka, ila kwa kiasi.