Mmea Uliorefuka kwa Njaa ya Mwanga

Anza kwa kutazama pingili, yaani kipande cha shina kati ya jani na jani. Pothosi, ule mmea wa ndani unaotambaa, iliyo karibu na dirisha huwa na pingili fupi, sentimita 3 hadi 5 hivi. Ile iliyofichwa nyuma ya kochi hurefuka hata sentimita 10 kati ya jani na jani, majani mapya huwa madogo kuliko ya zamani, na madoa yake ya manjano hufifia hadi jani likawa kijani kitupu. Usifurahie urefu huo. Mmea unamaliza akiba yake ukitafuta mwanga.

Kabla ya kuusogeza, angalia maji, maana hapa ndipo mimea mingi hufia. Jani likigeuka manjano, mtu humimina maji zaidi. Lakini gizani mmea hunywa kidogo sana, udongo hukaa umelowa kwa wiki nzima, hewa hukosekana na mizizi huoza. Ingiza kidole sentimita 5: kukiwa na unyevu, usimwagilie. Ukisikia harufu ya uvundo, utoe chunguni. Mzizi mzima ni mgumu na mweupe. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta ganda linabanduka na kubaki uzi. Kata yote ya namna hiyo kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Panda upya kwa sehemu 2 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyooza vizuri na 1 ya pamisi, yale mawe mepesi yenye matundu. Udongo mwekundu wetu ukiwa peke yake hushikana chunguni. Chungu kisiwe kikubwa kuliko cha awali, kwa sababu udongo wa ziada hubeba maji yasiyo na mnywaji.

Sasa dirisha. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua hubadilisha upande: kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba huingia madirisha ya kaskazini, miezi iliyobaki ya kusini. Mmea uliostawi Januari unaweza kunyong'onyea Julai, mawingu yanapotanda, bila wewe kuugusa. Dirisha la mashariki ndilo salama zaidi, kwani jua la asubuhi ni pole. Kama nyumba yako inatazamana na ukuta wa ghorofa la jirani, weka karatasi nyeupe pale mmea ulipo saa sita mchana na uinue mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli kisipoonekana, hapo hapafai. Taa nyeupe ya LED sentimita 30 juu ya majani, saa 12 kwa siku, itasaidia.

Usiuhamishe kwa pupa. Jani lililokulia gizani ni laini, na jua kali la mchana huliunguza likabaki na mabaka meupe makavu yasiyopona. Wiki ya kwanza uweke mita moja na nusu kutoka dirishani, ya pili mita moja, kisha nyuma ya pazia jepesi.

Shina lililorefuka halitafupika tena. Chipukizi jipya likishatokeza, kata sentimita 1 juu ya kifundo, yaani pale jani linapoungana na shina. Vipande vyenye kifundo vitie kwenye glasi ya maji, vitatoa mizizi baada ya wiki chache. Mbolea isubiri hadi majani mawili mapya yafunguke, nayo iwe nusu ya kipimo kilichoandikwa. Majani ya zamani yakidondoka moja moja wakati huo, yaache yadondoke.