Sishiki Tena Nyoka Shingoni

Nilipoanza kazi ya kutafiti nyoka hapa Dar, mtaalamu mmoja aliyenitangulia aliniambia: "Dada, ukishamdhibiti nyuma ya kichwa, hana ujanja." Nikaamini. Nikashika swila hivyo, nikashika kifutu hivyo. Ushauri ule unanikera hadi leo, maana umenigharimu ncha ya kidole.

Ilikuwa masika. Kijana wa Bunju aliniletea nyoka mdogo mweusi ndani ya chupa ya siagi ya karanga. Alimkuta chini ya matofali baada ya mvua. Nikamshika shingoni kama nilivyofundishwa. Hakufungua hata mdomo. Jino likachomoza pembeni mwa taya, akageuza kichwa kidogo, akanichoma kidole cha shahada. Ni nyoka wa kundi ambalo wataalamu huliita Atractaspis. Anaishi ardhini, na meno yake marefu hutokea pembeni na kuchoma kwa kurudi nyuma, mdomo ukiwa umefumbwa. Huyu hashikiki nyuma ya kichwa kwa usalama, hata uwe na mkono wa namna gani. Dawa ya kupooza sumu yake haipo, na ile ya swila, koboko na kifutu haimsaidii aliyeumwa naye.

Nikavua pete kabla uvimbe haujaanza. Jirani yangu, mama mtu mzima anayenipenda sana, akaja mbio na wembe na jiwe jeusi. "Mwanangu, tukuchanje kidogo tu, sumu itoke." Nilimwomba radhi, nikakataa. Kuchanja hakutoi sumu, kunaongeza kidonda, na jiwe halinyonyi kitu. Nikaenda hospitali. Maumivu ya usiku ule sitayasahau. Baada ya wiki kadhaa ncha iliyokuwa nyeusi ikaondolewa.

Niliporudi kazini nilishasoma kwamba wenzetu humwingiza nyoka kwenye bomba la plastiki linaloonyesha. Nikazunguka Kariakoo karibu siku nzima, nikapata kipande kwa kama elfu thelathini, ukichanganya na bodaboda. Kilikuwa kipana. Nilidhani upana ni hisani kwa nyoka.

Nikaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga (hili nalifanya kila mara), nikavaa miwani ya fundi wa kuchomelea kwa sababu swila wetu hutema sumu ikafika macho ya mtu aliye mita mbili mbele, nikamtoa swila kwenye ndoo. Akaingia vizuri. Nikabana bomba na mwili wake pamoja, moyo umetulia kabisa. Kisha nikaona kitu kinajikunja mle ndani. Kichwa kilikuwa kimegeuka, kinarudi kando ya mwili wake mwenyewe, kinakuja kwenye mkono wangu. Nikaachia, nikaruka juu ya meza. Swila akaingia chini ya kabati la vifaa, na mimi juu ya meza ile nilikaa zaidi ya saa moja, nikimsikia akipuliza kila nilipoteremsha mguu. Mwishowe nililaza ndoo, nikatupia gunia juu yake, na kwa kuwa palikuwa ndipo penye giza zaidi, aliingia mwenyewe.

Gunia lile ndilo lililonifungua macho. Nyoka aliyebanwa hutafuta shimo, na shimo lina giza. Nikanunua mabomba manne ya upana tofauti. Bomba linalofaa ni lile ambalo nyoka anapita ila hawezi kujikunja. Kila moja nikalivisha soksi nyeusi. Naelekeza mdomo wa bomba mbele ya kichwa kwa fimbo ya ndoano, nyoka anajipeleka. Theluthi ya mwili ikiingia, nabana pale bomba linapokutana na mwili, navua soksi. Kichwa nakiona, hakinifikii. Napima urefu, nahesabu magamba, nachukua damu kwenye mshipa wa mkiani. Usichelewe kubana; akiingia nusu nzima, bomba fupi atatokea upande wa pili.

Juzi mvua zimeanza tena. Nimeletewa mweusi mwingine, safari hii kutoka Goba. Nimetumia bomba jembamba kuliko yote. Sentimita 43, jike, sikumgusa popote karibu na kichwa.