Nilivyolirudishia jahazi letu galme

Jahazi tulilorithi kwa babu lilinifikia likiwa na mlingoti mmoja. Ule wa nyuma, wa galme, yaani tanga dogo la nyuma, ulikuwa umeng'olewa zamani na tundu lake limezibwa ubao. Hapa Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, wengi wakaniambia mashine inatosha. Sikukubali, na mpaka leo sikubali: chombo kirefu kilichoundwa kwa milingoti miwili kinaitaka yote miwili.

Tanga kubwa limekaa mbele na mlingoti wake umeinamia omo, yaani mbele ya chombo. Upepo wa ubavuni ukilipiga, omo hukimbilia demani, upande upepo unakoelekea. Tanga la galme huisukuma tezi, yaani nyuma ya chombo, na omo ukainuka kuukabili upepo. Bila hilo, mshika kana, mti wa kuongozea shikio (usukani), hupigana nalo kutwa, na shikio lililokaa upande huvunja mwendo.

Nilianza na mti. Nikapata mvinje ulionyooka, tukaumenya gome ungali mbichi, tukauacha kivulini ukauke usipasuke. Kazi kubwa ilikuwa chini. Nilitaka kuusimamisha juu ya sitaha, lakini ami yangu, aliyekwisha safiri sana, akanizuia: "Mwanangu, mlingoti haukai juu ya mbao, unakaa juu ya mkuku." Tukafungua sitaha, tukachonga kitako juu ya mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, na juu tukautia mwashiri mpya, boriti ya kuushikilia mlingoti. Tulipotweka tanga, ami aliweka kiganja juu ya mti pale unapopita kwenye mwashiri, akausikiliza kwa mkono. Ukicheza, anagongea kabari. Alirudia hivyo mpaka ukatulia kimya.

Vyombo vya namna hii ndivyo vilivyoijaza bandari ya Malindi mjini Unguja. Mabumu ya Kuwait na majahazi ya Sur yalishuka na kaskazi, yamepakia tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko ya Rufiji, za kuezekea nyumba huko kwao kusikokuwa na miti. Babu alikuwa mdogo kuliko wao: alipakia karafuu za Wete, Pemba, tu. Lakini karafuu kavu haitaki kulowa, na chombo kinachoyumba hovyo hurusha maji ndani.

Nililijaribu wakati wa kusi. Kwenda Pemba hakukunionesha lolote, upepo uko nyuma. Kurudi ndiko kwenye kazi, kwa kuwa kusi na mkondo wa bahari vyote vinakusukuma kaskazini, na huna budi kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Tukatweka galme. Nikaachia kana kidogo, omo ukabaki palepale nilipouelekeza. Ami hakusema kitu, alicheka tu.

Kwa atakayejaribu: ukitaka kukisi, yaani kugeuza chombo na kuhamisha tanga upande wa pili, tua galme kwanza. Ukiiacha juu itaikaza tezi, na jahazi halitakubali kugeuka kuupa upepo mgongo. Likishageuka na tanga kubwa limekaa upande wa pili, ndipo uitweke tena.