Wenye Mui Wawapi?

Aprili 2018 nilimpeleka Mama kijiji cha Saint-Paul-de-Vence, kusini mwa Ufaransa. Alikuja kukaa na dada yangu aliyejifungua Nice, na kwa wiki tatu hakujua ila chumba, mtoto na sufuria ya uji wa pilipili manga. Dada mwenyewe ndiye aliyesema, "Mtoe Mama akapate hewa."

Tulipanda basi namba 400, kama saa nzima ya kona na miinuko. Kijiji kimekaa juu ya kilima, kimezungushiwa ukuta mnene uliojengwa kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza katika karne ya 16. Zama hizo Nice ilikuwa ya Savoy, si ya Ufaransa, na hapa palikuwa ngome ya mpakani. Ndizo zama ambazo Wareno walikuwa wakiisumbua pwani yetu.

Tulipovuka lango tu, Mama alisimama, akauwekea ukuta kiganja. "Hapa ni Amu," akasema, yaani kwetu Lamu. Nami niliona alichokiona: vichochoro vya kupishana bega kwa bega, kuta ndefu za mawe, kivuli chenye ubaridi, milango mizito ya mbao. Letu ni jiwe la tumbawe, lao ni la kilimani, basi. Akashika njia mbele yangu kama aliyezaliwa mtaa ule, goti lake bovu halikumkumbuka.

Kwenye chemchemi kubwa, iliyojengwa 1850, tuliketi. Alitazama kwa muda mrefu. Kila mlango ni duka: picha, sanamu, manukato, mafuta ya zeituni. Hapakuwa na nguo iliyoanikwa, wala mtoto aliyetumwa chumvi, wala harufu ya kitunguu kikikaangwa.

"Wenye mui wawapi?" akauliza kwa Kiamu chake: wenye mji wako wapi?

Nikamsimulia habari za James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, aliyehamia hapa 1970 akaishi chini kidogo ya kuta hizi mpaka alipofariki 1987. Alifurahi sana kusikia hivyo.

"Na nyumba yake?"

Nikamwambia kweli: sehemu ilishavunjwa, na kiwanja kikatengewa fleti za kifahari.

Akanyamaza. Nilijutia kumjibu, maana nyumba ya bibi kule Amu iliuzwa kwa mgeni, na Mama alikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Tangu siku ile hakuwahi kuitaja.

Tulimalizia makaburini, upande ambao bahari inaonekana kwa mbali. Juu ya kaburi la mchoraji Marc Chagall wageni walikuwa wamepanga vijiwe. Nikamweleza kwamba ndiyo desturi ya Wayahudi, kuonyesha kuwa mtu amezuru. Akaviangalia kimoja kimoja.

"Mlango ule wa bibi," akasema bila kunigeukia, "bado upo?"

"Upo, Mama. Nilipita mwezi wa pili. Umepakwa mafuta, unang'aa."

"Ulipiga hodi?"

"Sikupiga."