Kuotesha mipaini nyumbani: aliyezoea miwati asikushauri

Nimesikia mara nyingi kwamba miche ya mipaini haiwezekani ila kwa wenye vitalu vikubwa, na wanaosema hivyo hawajawahi kusia hata mbegu moja. Nyuma ya jiko langu hapa Njombe nimeotesha miche iliyotosha kujaza kipande cha shamba nilichorithi, na gharama haikuzidi elfu chache za viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kukuzia miche, na nauli ya bodaboda.

Mbegu nilizipata kwenye matunda ya kahawia ambayo bado yalikuwa yamefunga magamba, yaliyochumwa juu mtini, kwa kuwa yale yaliyofunguka na kuanguka huwa yamekwisha kumwaga mbegu. Paini aina ya patula huweza kushikilia matunda yake yakiwa yamefungwa kwa miaka, hadi yapate joto. Niliyatandaza juu ya bati kwenye jua kali, yakapasuka yenyewe, nikayakung'uta na kuzifikicha mbegu mpaka mabawa yakatoka.

Hapo ndipo mzee jirani yangu alipoingia na ushauri wake. "Mwanangu, mwagia maji yanayotokota, uyaache mpaka yapoe, ndipo usie." Mzee huyu amepanda miwati, miti ya jamii ya akasia, maisha yake yote, na kwa miwati anasema kweli, maana ganda la mbegu yake ni gumu na halipitishi maji bila kushtuliwa kwa moto. Paini haina ganda la namna hiyo; joto lilihitajika kwenye tunda, si kwenye mbegu. Kwa heshima yake nilizigawa mbegu mafungu mawili, moja nikalifanya alivyotaka na jingine nikaliloweka kwenye maji baridi usiku kucha, nikizitupa zilizoelea. Katika juma la pili na la tatu fungu langu lilichomoza, kila mche ukibeba ganda la mbegu kichwani, na tuta la mzee likabaki tupu. Nilipofukua mbegu zake na kuzibonyeza zilitoa uji mweupe wenye harufu, nami sikuacha kumwita aje ajionee. Ndege hupenda sana vile vikofia na hung'oa mche mzima, hivyo nilifunika tuta kwa chandarua chakavu.

Baada ya kuhamishia miche kwenye viriba, sehemu yake ilidumaa na kugeuka njano yenye uzambarau. Muuzaji mmoja wa pembejeo alinishauri urea. Sikuinunua, kwa sababu niliona kwamba miche iliyodumaa ni ile tu iliyokosa udongo wa chini ya mipaini ya zamani. Mti huu asili yake ni Meksiko, na mizizi yake huishi kwa kushirikiana na kuvu ambao hawapo katika kila udongo wetu. Walioleta mipaini Afrika walijifunza hivyo baada ya miche mingi kufa. Nilipanda bodaboda hadi shamba la rafiki, nikafukua chini ya miti mikubwa penye nyuzi nyeupe za kuvu, nikarudi na kiroba kizima, dereva akiniuliza mara mbili kama Njombe udongo umekwisha. Nilinyunyizia kiganja kimoja kila kiriba na kumwagilia. Baada ya majuma kadhaa ncha zilirudi kijani, na ukichana kiriba uliona mizizi imevishwa nyuzi zile.

Kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina la mche mchanga, kiliniangushia miche michache tu, kwa kuwa nilimwagilia asubuhi badala ya jioni na sikuchanganya samadi mbichi. Mizizi iliyotoboa kiriba niliikata kila ilipotokeza, na kivuli nilikipunguza kidogo kidogo kabla ya mvua.

Mvua zilipokolea niliipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, nikichana na kuondoa kila kiriba. Mzee alipita tena, akasisitiza kwamba kiriba huozea chenyewe ardhini. Plastiki haiozi hivyo. Nilimkaribisha chai, nikaendelea kuchana.